Ujumuishaji na Uelekezi Rika: Maneno Mawili na Wajibu Wake

Miongoni mwa dhana zinazowasumbua wafasiri wa nyaraka za elimu ya juu siku hizi zimo mbili zinazohusu maisha ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika idara yake. Ya kwanza ni ile ya kuifanya idara iwe mahali pa kila mwanafunzi, pamoja na mwenye ulemavu, aliyetoka mbali, na yule ambaye lugha ya kufundishia bado ni mzigo kwake. Ya pili ni ile ya kumpa mwanafunzi mgeni mwenzake aliyetangulia mwaka mmoja au miwili ili amwonyeshe njia. Dhana zote mbili zina majina katika Kiingereza. Katika Kiswahili zina majina mengi mno: waraka mmoja husema ulezi, wa pili unasihi, wa tatu ushauri wa wenza, na penye ujumuishi hapa, pale pana ushirikishwaji na kwingine utangamano.

Pengine msomaji ataona kwamba tofauti hizi ni ndogo, na kwamba maana itaeleweka vyovyote iwavyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kila neno kati ya hayo limebeba jibu lake kwa swali moja: wajibu ni wa nani? Neno likikosewa, wajibu huhama. Hutoka mabegani mwa idara ukaenda kumwangukia mwanafunzi mgeni, ambaye ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote.

Jambo lenyewe

Kabla ya kulipa jambo jina, hapana budi kulitazama jambo lenyewe. Tumchukue, kwa mfano tu, kijana aliyekulia katika kata ya Nkunga, Wilaya ya Rungwe. Nyumbani husema Kinyakyusa. Katika shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, na katika sekondari kwa Kiingereza. Amefaulu vizuri, akachaguliwa kuingia chuo kikuu, na katika ukoo wake hakuna aliyemtangulia huko.

Siku anapofika idarani hukuta kanuni za aina mbili. Ziko zilizoandikwa katika kitabu cha mwongozo, nazo anaweza kuzisoma. Ziko pia zisizoandikwa popote: kwamba mhadhiri ana saa zake za kuonana na wanafunzi na haoni kero mtu akibisha hodi saa hizo, kwamba asipojisajili kwa somo kwa wakati, kukaa darasani muhula mzima hakutamsaidia, kwamba kunakili maneno ya kitabu bila kumtaja mwandishi, jambo ambalo shuleni lilimpatia sifa ya kukariri vizuri, chuoni ni kosa kubwa, kwamba anayetaka kuahirisha masomo kwa ugonjwa huomba kwa barua mapema, hangoji mpaka mtihani upite. Mwanafunzi ambaye dada au kaka yake alisoma chuo huyajua hayo tangu nyumbani. Huyu wa Nkunga huyajua baada ya kuumia. Wote wawili wana akili sawa. Kinachowatofautisha ni kwamba mmoja alikuwa na mtu wa kumwambia.

Na kama kijana huyo ni kiziwi au haoni, orodha huwa ndefu zaidi: mkalimani wa lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu, muda wa ziada katika mtihani, chumba cha mhadhara kinachofikika. Hayo hawezi kujipatia mwenyewe kwa bidii, hata awe hodari namna gani.

Kujumuisha na kushirikisha

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa lilitokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufungia ndani. Taswira yake ni ya ua wenye mlango: aliyekuwa nje huingizwa, kisha mlango hufungwa. Kiswahili hakikuifuata taswira hiyo. Jumuika na jumuisha ni ndugu wa jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa, na shina lao la Kiarabu lina maana ya kukusanyika. Mkusanyiko hauna ua. Anayejumuika huongeza idadi, na mkutano wenyewe hubadilika kwa kuja kwake. Kwa sababu hiyo jumuisha ni neno zuri kwa dhana hii, na sifa jumuishi imekwisha kukubalika katika elimu jumuishi, istilahi ambayo imetumika katika mikakati ya taifa ya elimu tangu ule ulioanza mwaka 2009.

Hata hivyo mfasiri atahadhari na viambishi. Ujumuishi ni hali au sifa: idara ina ujumuishi. Ujumuishaji ni tendo likitazamwa kwa upande wa mtenda: idara inafanya ujumuishaji. Ujumuishwaji ni tendo hilo hilo likitazamwa kwa upande wa mtendwa: mwanafunzi anadai ujumuishwaji wake. Wanaoyatumia maneno haya matatu kama kwamba ni moja huipotezea lugha nafasi adimu ya kusema kwa usahihi. Waraka unaoagiza kazi ifanyike utumie ujumuishaji, kwani humo mtenda hawezi kujificha.

Shirikisha ni neno jingine. Shina lake ni lile la ushirika na shirika, na maana yake ni kumpa mtu sehemu katika jambo. Kiziwi aliyesajiliwa, akapewa kitanda bwenini na kiti katika chumba cha mhadhara, amejumuishwa. Ameingia katika hesabu ya idara. Lakini kama hakuna mkalimani, naye hukaa saa nzima akitazama midomo ya mhadhiri anayeandika huku amewapa wanafunzi mgongo, hajashirikishwa. Kwa hiyo maneno haya mawili yasibadilishane nafasi. La kwanza lataja kuhesabiwa, la pili lataja kupata sehemu. Idara itakayoridhika na la kwanza itaweza kuandika taarifa nzuri yenye takwimu nyingi, na wanafunzi wake wakaendelea kuachwa.

Utangamano nao ubaki katika kazi yake ya sasa, yaani kuchanganyika kwa amani kwa watu au mataifa, kama tunavyosema utangamano wa Afrika Mashariki. Ukitumiwa idarani huleta fununu kwamba tatizo ni ugomvi, na kwamba dawa yake ni mgeni kufanana na wenyeji.

Majina ya wanaojumuishwa

Hatuwezi kuzungumzia ujumuishaji tukanyamaza kuhusu majina ya watu. Kiswahili kina majina kadhaa ya kale yaliyoanza kwa ki- na vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Kwa sarufi majina hayo hupatanishwa na vitenzi kama majina mengine ya watu. Twasema kiziwi anasoma, hatusemi kiziwi kinasoma. Lakini umbo lake ni la ngeli ya vitu, na wengi wameona kwamba halimpi mtu heshima yake.

Mabadiliko yameonekana hata katika sheria za nchi. Mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria mbili, moja kuhusu ajira ya walemavu na ya pili kuhusu matunzo yao. Mwaka 2010 mahali pake palichukuliwa na sheria moja inayotaja watu wenye ulemavu. Katika majina ya 1982 hali imemmeza mtu. Katika jina la 2010 mtu ametangulia, ulemavu ukafuata kama jambo alilo nalo. Tena lile neno matunzo, linalomfanya mtu awe mzigo wa wengine, halikutawala tena jina la sheria. Mwandishi wa nyaraka za chuo afuate mwelekeo huo, aandike mwanafunzi mwenye ulemavu wa macho, mwanafunzi asiyeona, mwanafunzi mwenye uoni hafifu, kwa kadiri hali ilivyo.

Lakini asiwe mwepesi wa kufuta. Viziwi wa Tanzania walipounda chama chao walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na neno hilo ni lao. Wengi wao hujiona kuwa ni watu wenye lugha yao, yaani Lugha ya Alama. Mtaalamu wa istilahi anayewapokonya jina walilolichagua wenyewe, kwa nia njema ya kuwapa lingine refu na la adabu, naye amewatenga. Kanuni ni nyepesi: kwanza waulizwe wenye jina.

Mlezi, mnasihi au mwelekezi?

Sasa tuje kwa yule mwanafunzi aliyetangulia. Neno la Kiingereza linalomtaja kiongozi wa aina hii lilikuwa jina la mtu. Katika utenzi wa Homer, Odysseus alipokwenda vitani Troya alimwachia rafiki yake mzee, aitwaye Mentor, nyumba yake na mwanawe Telemachus. Kwa asili, basi, ni mzee mbele ya kijana. Wazungumzaji wa Kiingereza walipotaka kutaja uongozi baina ya wanafunzi walilazimika kuliongezea neno lenye maana ya mtu wa daraja moja, ambalo nalo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya sawa. Hivyo istilahi yao ina mvutano ndani yake: mkubwa aliye sawa. Nasi tunapotafuta neno letu twakutana na mvutano huo huo.

Mlezi latokana na kulea, na anayelelewa ni mtoto. Isitoshe, neno hili lina kazi nyingi tayari: mwalimu mlezi, mlezi wa chama, mlezi wa yatima. Mwanafunzi wa miaka ishirini akiambiwa kwamba mwenzake wa miaka ishirini na mbili ni mlezi wake, mmoja atavimba kichwa na mwingine atakasirika.

Mnasihi ni mtu wa nasaha. Katika shule na hospitali zetu unasihi umekuwa kazi ya mtu aliyepata mafunzo, anayemsikiliza mwenye shida na kumtunzia siri. Kumpa mwanafunzi wa mwaka wa pili jina hilo ni kumbebesha kazi asiyoiweza. Akikutana na mwenzake aliyekata tamaa ya maisha, wajibu wake ni kumfikisha kwa mnasihi wa kweli, si kujifanya mnasihi.

Mshauri linamgongana Mshauri wa Wanafunzi, ambaye katika vyuo vikuu vyetu ni mtu wa utawala mwenye ofisi yake. Kiranja ni mwenye amri, na amri ndiyo hasa isiyotakiwa hapa. Somo na kungwi ni maneno mazuri ya pwani, yenye taswira ya mtu anayemfunda mwari. Lakini yamefungamana mno na unyago na mambo ya unyumba kiasi kwamba katika waraka wa idara yataleta kicheko.

Tumebakiwa na kitenzi elekeza. Kuelekea ni kugeuzia uso upande fulani. Kuelekeza ni kumwezesha mtu ageukie upande unaofaa, kisha atembee kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna utoto ndani yake, wala amri, wala tiba. Kenya huliita mwelekezi yule anayeongoza filamu, lakini muktadha wa chuo hautaruhusu mkanganyiko. Hilo ndilo pendekezo letu: mwelekezi, uelekezi, na kwa anayepokea, mwelekezwa.

Ili kuonyesha kwamba mwelekezi huyo ni mwanafunzi, wengine wamependekeza mwelekezi mwenza. Hapa pana mtego. Mwenza likifuata jina la kazi humaanisha mtu anayeshirikiana na mwingine katika kazi ile ile: wenyeviti wenza ni watu wawili wanaoshika uenyekiti mmoja. Kwa hiyo waelekezi wenza watakuwa waelekezi wawili wa mwanafunzi mmoja, maana isiyokusudiwa. Rika, kwa upande mwingine, limekwisha kupata njia yake. Kampeni za kupambana na UKIMWI zilituachia mwelimishaji rika, yaani anayewaelimisha watu wa rika lake, na wananchi wanalielewa bila maelezo. Mwelekezi rika anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Rika: hoja kutoka Rungwe

Yuko atakayepinga kwamba rika ni umri, na kwamba katika mwaka wa kwanza twaweza kumkuta mwalimu mwenye miaka arobaini aliyekuja kujiendeleza, akae na kijana wa miaka kumi na tisa. Je, hao ni rika moja?

Jibu tunalipata Rungwe kwenyewe. Katika miaka ya 1934 hadi 1938 Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kati ya Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu kizima juu ya vijiji vya marika. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi au kumi na moja hivi waliondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembeni. Waliendelea kulima shamba la baba, na kula waliendelea kula kwa mama zao, lakini hawakula kila mmoja kwao: walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Ndugu zao wadogo walipokua waliingia katika kijiji hicho hicho, hata rika likachukua watu waliopishana miaka kadhaa. Kijiji kilikua pamoja, wanaume wakaoa humo, wakazeeka humo.

Katika desturi hiyo tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba rika halikuwa hesabu ya miaka tu. Lilikuwa ni watu waliojenga na kukaa pamoja. Aliyeingia baadaye alikuwa wa rika kwa kule kuingia. Kwa maana hiyo mwalimu wa miaka arobaini na kijana wa miaka kumi na tisa walioanza pamoja katika idara moja ni rika, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayewapokea ni wa rika lililo wazi kwao. La pili ni kwamba mafunzo yalipatikana katika maongezi ya walio sawa. Wanyakyusa walikuwa na neno ukwangala kwa raha ya kukaa na wenzio, mkila na kuzungumza kwa adabu, na waliamini kwamba mtu hujifunza busara hapo. Mkubwa asiyeogopwa huulizwa swali ambalo mhadhiri haulizwi.

Vijiji hivyo havipo tena. Uhaba wa ardhi na mabadiliko ya maisha viliviondoa, na hatuvitaji hapa ili virudi. Tunavitaja kwa kuwa vinatuonyesha kwamba rika ni neno linalobeba uzito tunaolitwika.

Rika laweza kuwa ua

Lakini desturi hiyo hiyo inatupa onyo. Wale wa kwanza walipofika umri wa miaka kumi na sita au zaidi walianza kuwakataa wadogo, nao wakalazimika kwenda kuanza kijiji chao. Wasichana hawakuwa na vijiji vya namna hiyo. Waliingia kwa kuolewa. Rika hukusanya, na papo hapo huzungushia ua.

Onyo kali zaidi tunalo katika historia ya vyuo vyetu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na desturi ya wanafunzi iliyoitwa Mzee Punch. Ilihusu maandishi na michoro ya kejeli iliyobandikwa hadharani, na hatimaye ikawa chombo cha kuwadhalilisha wanafunzi wa kike hasa. Aliyelengwa alitengwa, na wenzake wakaogopa kuonekana naye. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa. Wananchi walishtuka, wanawake waandishi wa habari wakapaza sauti, na desturi hiyo ikapigwa marufuku.

Mzee Punch nayo ilikuwa nguvu ya rika. Wanafunzi walikuwa wakiwafundisha wenzao namna ya kuishi chuoni, bila idara kuuliza wanafundisha nini. Kwa hiyo uelekezi rika usiokuwa na ujumuishaji juu yake ni hatari, na ujumuishaji usiokuwa na uelekezi rika chini yake ni waraka tu. Idara haina ruhusa ya kusema, wanafunzi watasaidiana wenyewe. Ndiyo inayowachagua waelekezi, inayowafunza, inayompangia kila mgeni wa kwake badala ya kungoja marafiki wachaguane kwa kabila, dini au shule waliyotoka, na inayompa mwelekezwa mlango mwingine wa kubisha hodi iwapo mwelekezi wake ndiye tatizo.

Mapendekezo

Istilahi zifuatazo ni mapendekezo, hazijasanifiwa. Tunawaomba wasomaji wazijaribu katika kazi zao.

Ujumuishaji: kazi ya taasisi ya kuondoa vizuizi ili kila mwanafunzi awe mwanaidara kamili.

Ujumuishi: hali ya idara ambayo kazi hiyo imefanikiwa.

Ushirikishwaji: kupata kwa mwanafunzi sehemu yake halisi katika masomo na maamuzi, kipimo cha ujumuishaji.

Mwelekezi rika: mwanafunzi aliyetangulia, aliyeteuliwa na kufunzwa na idara, anayemwonyesha mwanafunzi mgeni taratibu zilizoandikwa na zisizoandikwa.

Uelekezi rika: utaratibu mzima wa kazi hiyo.

Mwelekezwa: mwanafunzi anayepokea uelekezi.

Mnasihi: mtaalamu wa unasihi, jina lisitumike kwa mwanafunzi mwelekezi.

Kwa mfasiri na mtumishi wa serikali tunaongeza shauri moja la uandishi. Sentensi kama hii: ujumuishaji na uelekezi rika utazingatiwa, haina kosa la sarufi, lakini haina mtu ndani yake. Hakuna atakayeulizwa muhula ukiisha. Iandikwe hivi: Mkuu wa Idara atampangia kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwelekezi rika kabla ya juma la pili la masomo. Hapo yule kijana wa Nkunga atajua ni kwa nani aende, na Mkuu wa Idara atajua ni nini alichoahidi.